Kupakia Asali kwenye Treni ya Mpanda Kutoka Stesheni Ndogo

Treni ikisimama kwenye stesheni ndogo kati ya Kaliua na Ugalla, magharibi mwa Tanzania, inasimama dakika chache tu. Hapo hakuna nafasi ya kutafuta kamba, kuazima kalamu wala kupatana bei na kijana wa kubeba. Mwenye dumu la asali lisilofungwa vizuri huishia kulitazama behewa la mwisho likiyoyoma huku mzigo wake uko chini, na treni nyingine si ya kesho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu siku chache kabla ya treni, kisha saa tatu kabla. Dakika zile chache ni za kuinua tu.

Kwanza uijue njia yenyewe. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Kaliua kwenda Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilifunguliwa mwaka 1950, na halikujengwa kwa ajili ya asali wala abiria. Lilifuata risasi, yale madini ya Mpanda. Uchimbaji ulikwisha, reli ikabaki na wakulima wa tumbaku, wafugaji wa nyuki na wasafiri. Ni reli ya upana wa mita moja na njia ni moja tu, kwa hiyo treni mbili hupishana stesheni peke yake. Stesheni masta haruhusu treni itoke mpaka stesheni ya mbele iseme njia ni tupu. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini treni inaweza kukaa stesheni ya jirani saa nzima bila kuharibika chochote: kuna treni nyingine njiani inasubiriwa.

Asali isiyofaa kupanda treni

Adui wa kwanza wa mzigo huu ni maji yaliyomo ndani ya asali. Kiwango kinachokubalika ni maji yasiyozidi asilimia 20. Yakizidi hapo, asali huanza kuchacha, inatoa hewa, hewa inakosa pa kutokea, na kifuniko kinaruka au dumu linavimba kama mpira. Kwenye behewa lenye joto jambo hilo halichukui wiki nyingi. Likitokea, hupotezi dumu moja tu. Asali inayomwagika inalowesha magunia ya mchele na nguo za watu wengine, na wenye mali watakutafuta.

Kipimo cha mkononi cha maji ya asali ndicho bora, na vikundi vingi vya wafugaji wa nyuki vinacho. Kama hakipo, tumia mizani ya jikoni inayosoma gramu. Chukua chupa safi na kavu, ipime tupu, kisha tia maji mpaka yafike kilo 1 kamili na uweke alama pale yalipofika. Mwaga maji, kausha chupa kabisa, jaza asali mpaka alama ile ile. Asali nzuri itapima kilo 1.41 au zaidi, ukishatoa uzito wa chupa. Ikiwa chini ya kilo 1.4, ina maji mengi. Angalia mambo mawili: chupa isiyokauka inadanganya, na asali yenye povu inadanganya zaidi kwa sababu unapima hewa. Acha asali itulie siku nzima kabla ya kupima.

Dawa ya maji mengi iko porini, haiko stesheni. Vuna masega ambayo nyuki wameshayaziba kwa nta, angalau robo tatu ya sega. Sega lenye vyumba vingi vilivyo wazi lirudishe mzingani au ulile nyumbani. Majana, yaani watoto wa nyuki, yatenge kabisa, maana yakikamuliwa pamoja na asali huleta maji na uozo. Baada ya kukamua, chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, iache siku mbili au tatu. Nta na povu vitapanda juu, uviengue. Ukishaengua, povu likirudi na kuna harufu ya pombe, asali hiyo imeshaanza safari yake yenyewe. Usiipeleke Dar es Salaam. Itafutie mnunuzi karibu anayejua anachonunua.

Tena kuna harufu ya moshi. Asali nyingi ya huku hupunguziwa bei mjini kwa sababu ya moto uliotumika kuvunia, na hilo halirekebishiki baada ya kuvuna. Linalorekebishika ni harufu ya ghalani. Kaliua na Urambo ni nchi ya tumbaku, na stoo iliyowekwa mitumba ya tumbaku hunuka mwaka mzima. Usilaze asali humo hata usiku mmoja.

Dumu au ndoo?

Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Dumu la lita 20 likijaa vizuri linafika kilo 28 bila kuhesabu dumu lenyewe. Watu husahau hesabu hii kwa sababu wamezoea kubeba dumu la maji, ambalo ni kilo 20. Tofauti ya kilo nane inaonekana pale unapotakiwa kuinua mzigo mpaka sakafu ya behewa. Stesheni nyingi ndogo hazina jukwaa la juu. Unasimama karibu usawa wa reli, na sakafu ya behewa iko kifuani kwako.

Kama unasafirisha peke yako au na mtoto wa shule, tumia vyombo vya lita 10. Kila kimoja kitakuwa na kilo 14, mtu mmoja anakiinua bila kuvunja mgongo. Ndiyo, vyombo vinakuwa vingi na gharama yake inapanda, lakini dumu la kilo 28 linaloponyoka kwenye mlango wa behewa ni hasara ya dumu zima. Wenye vijana wawili wa kutegemewa waende na lita 20.

Dumu lina mdomo mwembamba na kifuniko cha kukaza, kwa hiyo halivuji kirahisi hata likilala ubavu. Ubaya wake ni pale asali inapoganda: haimwagiki, na mnunuzi hulazimika kulichana kwa kisu. Ndoo hufunguka kwote, ila mfuniko wake hufyatuka ukiangushwa au ukiwekewa gunia juu. Asali ambayo kwa kawaida inaganda mapema iweke kwenye ndoo, na ile inayokaa majimaji miezi mingi iweke kwenye dumu.

Chombo kiwe kipya, au kiwe kilibeba asali tu. Dumu lililowahi kuwa na mafuta ya taa, dizeli au dawa ya shamba halisafishiki, liokotwe na wachota maji ya kufyatulia tofali. Hata dumu la mawese linaacha harufu, na mnunuzi wa mjini ataigundua kabla hujamaliza kusalimia.

Usijaze mpaka juu kabisa. Acha nafasi ya vidole viwili, kwa sababu asali hutanuka kidogo kwenye joto. Kaza kifuniko, futa shingo ya dumu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kausha, kisha zungusha selotepu pana mara tatu kuanzia kwenye kifuniko kushuka shingoni. Kama shingo ina asali, selotepu haishiki. Hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi kuliko yote: watu hufunga vizuri juu ya uchafu. Ukimaliza, lilaze dumu ubavu juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Asubuhi ukikuta doa, fungua uanze upya.

Ndoo usiitegemee mshikio wake. Ule waya hukatika pale plastiki inaposhikia, na hukatika ndoo ikiwa juu. Itie ndani ya kiroba au gunia, shona mdomo kwa sindano ya gunia na kamba ya manila, na kwenye kila pembe ya juu fungia fundo la kushika, yale masikio mawili. Sasa mtu mmoja anashika sikio hili, wa pili lile, na aliye ndani ya behewa anapokea bila kutafuta pa kukamata. Madumu pia yafaa kuvishwa kiroba, hasa kwa sababu nyeupe ya plastiki inavuta macho ya watu na gunia halivuti.

Jina na namba

Andika mara tatu: ubavuni kwa maka peni, juu ya kifuniko, na kwenye kipande cha boksi kilichofungwa kwa kamba shingoni. Funika maandishi yote kwa selotepu ya kuonekana ndani, maana tone moja la asali likifutwa, wino huondoka nalo. Maandishi yawe na stesheni unayotoka, stesheni mzigo unakoshuka, jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, simu yake na simu yako. Kisha andika namba ya chombo kati ya jumla: 1/8, 2/8, mpaka 8/8. Ukikosekana mmoja, kila mtu anajua ni upi, na mbishano hauwi mrefu.

Jina la stesheni ya mwisho liandikwe kwa herufi kubwa kuliko yote. Sababu yake iko Tabora, na tutafika huko.

Funga pia alama ya rangi, kitambaa chekundu au kijani, kwenye kila chombo. Usiku, ndani ya behewa lenye mizigo ya watu ishirini, hakuna anayesoma. Kila mtu anatafuta rangi.

Siku ya treni

Usiulize treni inafika saa ngapi. Uliza imeondoka stesheni gani, na saa ngapi. Swali la kwanza litajibiwa kwa kukuridhisha, la pili linajibiwa kwa alichosikia stesheni masta kutoka kwa mwenzake. Treni iendayo Tabora inatoka Mpanda, kwa hiyo ukijua imepita Katumba saa fulani, unaweza kukadiria mwenyewe. Ratiba hubadilika, hivyo uliza siku moja kabla na tena asubuhi yake. Wakati wa masika ongeza swali: njia iko salama? Mvua kubwa hupunguza mwendo kwenye matuta na madaraja, na tawi hili linavuka mto Ugalla. Kama mzigo unakwenda Dar es Salaam, sikiliza pia habari za Kilosa hadi Gulwe. Kipande hicho kimekatwa na maji mara nyingi, na kikikatika asali yako italala Tabora bila kosa la mtu.

Fika stesheni saa tatu kabla. Salimu kwanza. Stesheni masta wa stesheni ndogo ndiye mkata tiketi, ndiye mpima mizigo, ndiye mwenye simu ya njia, na akishaanza kushughulika na treni hana muda tena na wewe. Shughuli yako imalizike kabla hajaanza yake.

Si kila kituo kinapokea vifurushi. Vingine ni vya kushusha na kupandisha abiria tu, bila mtumishi na bila mzani. Jua hilo wiki moja kabla, si siku ya safari. Kama chenu hakipokei, peleka mzigo Kaliua. Bodaboda ibebe madumu mawili tu ya lita 20, moja kila upande, yamefungwa kwa mipira, huku kiroba kimekunjwa kati ya dumu na chuma. Kule kusuguana na chuma kwenye barabara ya vumbi hutoboa plastiki tundu dogo sana, ambalo hulioni mpaka asali ipate joto.

Mzigo ukishapimwa, utalipia na kupewa stakabadhi. Kabla hujaondoka dirishani soma vitu vinne: idadi ya vyombo, uzito, stesheni ya mwisho, na jina la mpokeaji. Idadi ikiandikwa 7 badala ya 8, cha nane hakina mwenyewe. Stesheni ikiandikwa Tabora wakati unapeleka Dar es Salaam, mzigo utashushwa Tabora, na aliyeushusha atakuwa hana kosa. Piga picha stakabadhi na umtumie mpokeaji hapo hapo, kama mtandao upo. Kama haupo, mwandikie ujumbe mfupi:

"Shikamoo mama. Asali nimepakia leo. Vyombo 8, vya lita 10, vimeshonwa kwenye kiroba, kitambaa chekundu. Stakabadhi iko kwa jina lako, namba yake ni hii. Usisaini kabla hujahesabu."

Kuhusu vibali na ushuru, muulize mtendaji wa kijiji kabla ya kutoka nyumbani, na karatasi yoyote atakayokupa isafiri na wewe au nakala yake na mzigo.

Mahali pa kusubiria

Weka mzigo kivulini, chini ya mwembe kama upo, lakini juu ya mbao au magogo yaliyo sentimeta 10 kutoka ardhini. Stoo ya bati mchana ni tanuri: asali inakuwa nyepesi, inatafuta upenyo wowote uliouacha, na ubora wake unashuka. Usitumie mbao kuukuu za mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, kama kitanda cha mzigo. Zile za miti zilipakwa dawa nyeusi yenye harufu kali, na harufu hiyo inaingia kwenye gunia. Nyunyiza majivu kuzunguka mbao, siafu na sisimizi watapita mbali.

Ukiona biashara inakwenda vizuri, utatamani kujenga kibanda karibu na reli. Usijenge. Hifadhi ya reli vijijini ni mita 30 kila upande, mijini ni mita 15, na kinachojengwa ndani yake huwekewa alama ya X nyekundu.

Halafu kuna nyuki. Hili halitajwi kwingine kwa sababu mizigo mingine haina wenyewe wanaoruka. Asali ikivuja mchana, nyuki skauti huifikia haraka, na nusu saa baadaye wamekuja kwa mamia. Nyuki wetu hawana subira. Watamuuma mama mwenye mtoto aliyekaa kwenye benchi, na stesheni nzima itakulaani. Kinga ni usafi: osha nje ya kila chombo kwa maji nyumbani, kausha, usije na masega mchana hata kwa kifuko kidogo cha zawadi, na usimwonjeshe mtu asali stesheni. Wakianza kuja, usiwapunge. Funika chombo kinachovuja kwa gunia lililoloweshwa maji, kibebe taratibu mpaka mbali na watu, hatua mia au zaidi, na osha pale kilipokuwa kwa maji mengi. Chombo hicho hakisafiri tena siku hiyo. Usiwashe moshi karibu na abiria ukidhani uko mzingani.

Dakika za kuinua

Mambo mawili ya kumuuliza stesheni masta treni ikiwa imeshaondoka stesheni ya jirani: behewa la vifurushi liko wapi leo, na treni itaingia njia ipi.

Behewa la vifurushi huweza kuwa mbele karibu na kichwa, au nyuma. Stesheni masta anaweza kujua kutoka kwa mwenzake. Kadiria hivi: kichwa cha treni na kila behewa la abiria chukulia mita 20, yaani hatua 25 za mtu mzima. Kama unajua kichwa husimama wapi, na behewa la vifurushi ni la tatu nyuma yake, hesabu hatua 75 kurudi nyuma kutoka pua ya kichwa. Hapo ndipo mlango wa mbele wa behewa utakapokuwa, hatua kumi zaidi au pungufu. Panga mzigo wako sambamba na hapo, mita tatu kutoka reli, vyombo vikiwa mstari mmoja na masikio yakiangalia juu. Kubeba kilo 28 hatua sitini kwenye kokoto ndiko kunakowamaliza watu, kuinua si kitu.

Njia ni jambo la pili. Stesheni ya kupishana ina njia kuu na njia ya pili. Kama kuna treni ya mizigo inayosubiri kwenye njia ya karibu, treni ya abiria itaingia njia ya mbali, na mzigo wako utakuwa upande usiofaa. Vusha mapema, kwa kuzunguka kwenye kivuko au nyuma ya mkia wa treni, kwa idhini ya mtumishi wa stesheni. Kupita chini ya mabehewa yaliyosimama ni kujitafutia kifo: kichwa kikivuta, mabehewa yanashtuka yote mara moja bila honi kwa aliye katikati.

Wapange watu watatu. Mmoja anaingia ndani ya behewa kwa ruhusa ya gadi, yaani msimamizi wa treni, wawili wanabaki chini. Walio chini wanashika masikio, wanahesabu kwa sauti namba ya chombo, wanainua pamoja. Aliye ndani anavuta, haubebi. Chombo kimoja kikichukua sekunde 20, vyombo nane ni chini ya dakika tatu. Kigoda imara cha nusu mita kinasaidia sana: unatua mzigo juu yake kwanza, kisha unaupandisha. Kiondolewe kabla ya honi, kitupwe mbali na reli, maana kigoda kilichosahaulika kinaweza kumkata mguu anayerukia.

Ndani, asali iwe chini kabisa na isimame wima, ikiegemea ukuta. Juu yake pasiwekwe gunia la mchele wala baiskeli. Usikubali iwekwe pembeni mwa mlango, hapo ndipo kila stesheni watu watapita na kuikanyaga. Muoneshe gadi stakabadhi, mtajie idadi na stesheni ya kushuka kwa mdomo pia. Honi ikilia kabla hujamaliza, acha. Waliobaki chini wabaki na mzigo, aliye ndani ashuke au aendelee na safari. Mzigo uliobaki uandikwe kwa stesheni masta mara moja, stakabadhi irekebishwe, na mpokeaji aambiwe vinakuja vingapi.

Usiku kila mmoja awe na tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru. Usimulike usoni mwa dereva, wala usipungie tochi reli kwa furaha ya kuiona treni. Taa ikipungwa relini usiku ina maana yake kwa dereva, na hutapenda atakapoitii.

Mwenye dumu moja au mawili anaweza kusafiri nayo kama abiria, kwa kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa na tiketi yake. Liweke chini ya kiti, kamwe si kwenye raki ya juu.

Tabora

Hapa ndipo asali nyingi hupotelea, wala si kwa wizi. Tabora ni njia panda ya Kigoma, Mwanza, Mpanda na Dar es Salaam. Mabehewa hukatwa na kuungwa upya, na vifurushi vya tawi la Mpanda vinaweza kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Mhamishaji anafanya kazi haraka, mara nyingi gizani, akitazama jina la stesheni na idadi. Ndiyo sababu ya ile herufi kubwa. Dumu lisilo na jina linalosomeka litapelekwa stoo, au litafuata mizigo lililokuwa nayo, na unaweza kulisikia Mwanza.

Kama una ndugu Tabora, mwombe afike stesheni na picha ya stakabadhi ahesabu vitambaa vyekundu wakati wa kuhamisha. Nauli yake ya bajaji ni rahisi kuliko dumu moja.

Kule unakopokelewa

Mpokeaji aende na kitambulisho na namba ya stakabadhi, ahesabu, atikise, apindue kila chombo kutazama kitako, na akikuta kilichovuja au kilichopungua uzito, iandikwe kwenye stakabadhi kabla ya kusaini. Malalamiko yanayoletwa kesho yake hayana mguu. Aulize pia mapema mzigo ukikaa stoo unalipiwa kuanzia siku ya ngapi.

Mwambie kabla kwamba asali inaweza kufika imeganda, hasa miezi ya baridi. Wanunuzi wengi wa mjini wakiona chembechembe husema imetiwa sukari, na wengine huirudisha. Kuganda ni tabia ya asali halisi. Ataiyeyusha kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, digrii 40 hivi, akibadilisha maji yakipoa. Chombo cha lita 20 kitachukua karibu kutwa nzima. Asiibandike motoni: asali iliyochemka hugeuka nyeusi na ladha yake inakufa.

Vyombo vitupu virudi. Vioshwe kwanza kwa maji ya baridi, kisha ya uvuguvugu, vikaushwe vikiwa vimepinduliwa siku mbili, vifungwe vifuniko na kuunganishwa kwa kamba moja inayopita kwenye mishikio yote, na jina la stesheni yenu liandikwe juu ya selotepu mpya. Visipooshwa, nyuki watavipokea stesheni kabla yako.